Mji Uliokataa Kuanguka

Wajukuu zangu, na ninyi wengine mnaojazana kwenye kibanda cha video hapa nyuma ya nyumba yangu, nawasikia. Ukuta wenyewe bati. Nikisikia kishindo, kisha mayowe, kisha ninyi mnapiga kelele "Hiyoo! Imekwenda!", najua mji mwingine wa watu umeteketea. Juzi ulimezwa na bahari. Wiki iliyopita ulikanyagwa na dude lenye mkia. Na kila ukianguka mnashangilia kama timu yenu imefunga bao. Zuhura, mjukuu wangu, aliniletea chai asubuhi akaniuliza, "Babu, hivi kwa nini watu tunapenda kuona miji mikubwa ikibomoka? Imetukosea nini?" Nikamwambia swali hilo nimelifanyia kazi kwa mikono yangu miwili, enzi za Mwingereza, mama yake hajazaliwa. Akadhani babu ameanza kuota mchana. Basi kaeni chini, na anayetaka kucheka acheke mwishoni.

Mimi ni mwashi. Si fundi wa kuchanganya saruji na kukimbia. Mwashi wa mawe ya matumbawe na chokaa, kazi niliyofundishwa Kilwa Kivinje na Fundi Mpili, Mungu amrehemu. Mzee huyo hakuwa na mwili mkubwa, lakini alikuwa na neno moja lililotutisha wanafunzi wake kuliko fimbo: "Bomoa." Unajenga tangu asubuhi, jua limekuchoma mgongo, unaona ukuta wako umenyooka, unamwita kwa furaha. Anakuja na timazi, anaining'iniza kwa uzi wake, anafumba jicho moja. "Bomoa." Hasemi kwa nini. Ukimuuliza anakwambia ukuta wenyewe utakueleza, si leo, siku masika yatakapokaa juu yake. Mwaka wangu wa kwanza nilibomoa kuliko nilivyojenga, kwa hiyo msinieleze mimi habari za kubomoka.

Siku za mapumziko alikuwa akituvusha kwenda Kilwa Kisiwani. Mnapajua: misikiti mikubwa, majumba ya wafalme, magofu kila upande. Sisi watu wa Kilwa tumezaliwa picha imekwisha. Mji mkubwa ulianguka, wenye mji wakaondoka, na kesho yake waliobaki wakaamka wakaenda kutafuta kuni. Sisi ni wajukuu wa hao waliotafuta kuni. Wenzangu na mimi tulidhani anatupeleka kuona nyumba zilizoanguka. Wapi! Alikuwa akitupeleka kuona zilizosimama. Anaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anasema, "Aliyeujenga huu hakujua kama mimi nitazaliwa, na bado ananifundisha kazi. Tazameni alivyofunga kona." Tunatazama kona mpaka njaa inatuuma.

Sasa, kiangazi kimoja akaja Mzungu na malori na mashine za kupigia picha za sinema. Sisi tulimwita Bwana Haraka, kwa sababu hilo ndilo neno pekee la Kiswahili alilokuwa nalo, na alilitumia kwa salamu, kwa chakula na kwa ugomvi. Mkalimani wake alikuwa kijana wa Dar es Salaam, Karani Sefu, aliyevaa tai hata anapokula samaki wa kuchoma. Karani Sefu akatueleza: Bwana Haraka anatengeneza picha ya mji mkubwa wa zamani, mfalme wake ana kiburi, ardhi inatetemeka, mji wote unaanguka siku moja. Anataka tumjengee mtaa mmoja wa mji huo pale uwandani karibu na ufuko, majumba marefu, lango na mnara.

"Uso tu," akasema Karani Sefu. "Nyuma hakuna kitu."

Fundi Mpili akamtazama. "Nyumba haina mgongo?"

"Haina, mzee."

"Na anayekaa ndani?"

"Hakuna anayekaa ndani. Ni za kuangushwa."

"Haya," akasema Fundi Mpili. Nilimjua mwalimu wangu. Haya ile ilikuwa ya mtu ambaye hajakubali.

Tukaanza. Kwetu jiwe la kwanza haliwekwi hivi hivi. Fundi Mpili alifukiza ubani, akasoma Fatiha, akamwomba Mola aishike nyumba na walio ndani yake, tukala wali wa sadaka pale pale kwenye msingi. Karani Sefu alikula nasi, wala hakutukumbusha kwamba humo hatakaa mtu. Msingi tuliambiwa uwe wa kiasi cha kiganja. Ukafika magotini, maana pale ni mchanga, na mchanga tunaujua. Uso ukipanda ukiwa peke yake utawaangukia mafundi, kwa hiyo tukauwekea boriti za mikoko kwa nyuma. Boriti zinataka pa kulalia, kwa hiyo tukapandisha ukuta wa nyuma. Ukishakuwa na kuta mbili, zitakaaje bila za ubavuni? Hatukufanya ukaidi. Mkono uliokwisha kuambiwa "bomoa" mara nyingi kiasi kile haujui tena njia nyingine. Bwana Haraka alikuwa mbali na mashine zake akipiga kelele haraka, haraka, na alipokuja kutazama aliangalia mbele tu, akafurahi.

Siku ya kuangusha walikuja watu kutoka Miteja, kutoka huku Nangurukuru, na wengine walishuka kwa miguu kutoka milima ya Kipatimu. Walivishwa mashuka, wakaambiwa ardhi ikitetemeka wakimbie wakilia. Kamba nene ikafungwa kwenye ghorofa, ncha nyingine kwenye lori. Lori likavuta. Mji kimya. Likavuta tena, magurudumu yakachimba mchanga, moshi mweusi, na mara tukasikia kitu kimeng'oka. Ilikuwa bampa ya lori. Lori likaondoka kasi kuelekea pwani, bampa ikabaki inaning'inia kwenye kamba. Wale waliotakiwa kulia walianguka chini kwa kicheko, mashuka yao yakajaa mchanga. Bwana mmoja wa Miteja akapaza sauti, "Fundi Mpili! Dua yako imekubaliwa!"

Fundi Mpili akavuta kofia usoni. Aliona haya kweli, maana ameajiriwa kwa jambo na jambo halikuwa. Lakini nilikuwa karibu naye, nikamwona anaichungulia ile kona ya ghorofa chini ya kofia, nayo haikuwa na hata ufa.

Wakajaribu moto. Makuti ya paa yaliwaka vizuri sana, watu wakashangilia, kisha makuti yakaisha na kuta zikabaki nyeupe kuliko mwanzo. Bwana Haraka akavua kofia yake, akaitupa chini, akaikanyaga kwa miguu yote miwili. Tukacheka tena, na hicho ndicho kilikuwa kicheko chetu cha mwisho kwa siku nyingi.

Kwa sababu baada ya pale Mzungu akaanza kutembea Kivinje, mtaa kwa mtaa, akitazama nyumba za watu kama mchinjaji anavyotazama mbuzi. Akasimama mbele ya nyumba ya Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mjane, hana mtoto, anakaanga vitumbua barazani kwake. Nyumba ilikuwa ghorofa moja, ya mawe, mlango wa nakshi, ilijengwa na baba mkwe wake. Aliingia humo akiwa bibi harusi, na mume wake alitolewa humo kwenda kuzikwa. Lakini ilikuwa imechoka. Mkuyu ulikuwa umeota ubavuni, mzizi umeingia ukutani, ufa umepanda mpaka dirishani. Kwa mirathi sehemu kubwa ilikuwa ya shemeji yake, Bwana Rashidi, mfanyabiashara wa korosho Lindi. Bwana Haraka akamtuma Karani Sefu huko akaombe ruhusa ya kuiangusha, na Bwana Rashidi akakubali. Msimchukie. Alisema nyumba hiyo ipo siku itamwangukia shemeji yake amelala. Heri iangushwe mchana, watu wakiona, naye ahamie Lindi akae na watoto.

Mimi nilikuwa barazani, kitumbua mkononi, Karani Sefu alipoleta habari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vitumbua vimekwisha."

"Sikuja kwa vitumbua, bibi. Shemeji yako anakusalimu. Anasema ufungashe vyombo. Nyumba..." Akaeleza yote, akiirekebisha tai yake.

Bi Somoe akageuza vitumbua kimoja kimoja, akavimaliza vyote. Kisha akasema, "Mwambie shemeji nimesikia. Mwambie na Mzungu nimesikia. Sihami."

"Bibi, meli yetu inapita karibuni. Lazima amalize kabla."

"Basi aangushe nami nimo ndani. Si anataka watu wa kupiga mayowe? Mimi nitampigia ya kweli."

Nilimwachia kitumbua changu nusu, nikakimbia kwa Fundi Mpili. Alisikiliza akiwa anaosha mwiko wake wa uashi. Akauosha muda mrefu kuliko ulivyohitaji, akaufuta, akauchomeka kiunoni, akaniambia twende. Tulimkuta Bwana Haraka ameketi juu ya sanduku.

"Mwambie," Fundi Mpili akamwambia Karani Sefu, "kosa ni letu. Yeye alitaka maanguko, sisi tukampa nyumba. Atupe nafasi moja tu. Tutajenga nyumba kama ile ya Bi Somoe, dirisha kwa dirisha, ufa kwa ufa, na itaanguka kwa kuvutwa mara moja. Isipoanguka, achukue ile."

Mzungu akafikiri, akatazama bahari kama anaitafuta meli. Akasema, "Haraka," na kwake hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo.

Tulipotoka nilishindwa kujizuia. "Fundi, umeweka rehani nyumba ya mtu!"

"Ilikuwa imekwisha kuwekwa," akanijibu. "Mimi nakwenda kuikomboa."

Tukaenda kumwambia mwenyewe. Bi Somoe akatusikiliza, akamkazia macho mwalimu wangu. "Wewe Mpili. Tangu uzaliwe, umewahi kujenga kitu kikaanguka?"

"Sijawahi, dada."

"Basi Mungu ndiye wa kunisaidia," akasema, akaingia ndani.

Sasa sikilizeni, hasa ninyi mnaojifunza ujenzi, maana hapa kuna elimu. Nyumba mbovu haijengwi kwa uvivu. Inataka kujua kila kitu kizuri, kisha ukifanye kinyume. Mchanga tulichota ufukweni na chumvi yake, hatukuusuuza, maana chumvi hailishiki jiwe. Badala ya chokaa tuliweka udongo mtupu. Mawe ya pembe pembe tuliyaacha, tukachukua ya duara yanayoteleza. Kawaida jiwe la juu linakalia maungio ya mawe mawili ya chini. Sisi tukapanga maungio juu ya maungio, mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Jiwe refu la kushika ukuta kwa upana hatukuweka hata moja. Boriti za dari zilikuwa kazi ya Severini, seremala Mmatumbi wa Kipatimu, Mkristo, mtu wa maneno machache. Alizikata kwa msumeno upande wa chini, karibu na nusu, akapaka udongo pasionekane. Juu ya dari tukapanga magunia ya majivu, ili vumbi lipande.

Ugumu ulikuwa mikono. Wallahi mikono ilikataa! Unashika jiwe baya, vidole vyenyewe vinaligeuza vinatafuta upande wa kukaa. Siku moja namwona Fundi Mpili kwenye kona, ameinama, ananyamaza mno. Nikaenda. Alikuwa anaifunga! Kona ya haki kabisa, jiwe huku, jiwe kule, kama za Kisiwani. Nikapata ujasiri ambao sijui ulitoka wapi. Nikamwambia, "Fundi. Bomoa."

Akaniinulia uso. Nikajua leo nafukuzwa kazi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya mawe, machozi yanamtoka, akabomoa kona yake kwa mikono yake mwenyewe.

Watu walijaa kututazama kila siku. "Mtaiangusha lini?" Hilo ndilo swali, asubuhi na jioni. Wale wa shuka hawakuondoka, walikuwa wanangoja kwa hamu kuliko idi. Mimi nikawa nawauliza, kama Zuhura alivyoniuliza: mnapenda nini humo? Mwalimu wa chuo cha Qurani aliniambia anataka kuwaona kwa macho kina Adi na Thamudi walivyoangamizwa. Binti mmoja akasema kwa siri kwamba nyumba ile inafanana na ya mama mkwe wake. Yule bwana wa Miteja akaniambia, "Mimi nitaiona ni boma, lile lile walilonifungia kwa kodi ya kichwa. Ikianguka nitakuwa nimelipwa." Kila mtu alikuwa amekuja na nyumba yake kichwani, na karibu wote ni nyumba ambayo hawakuwahi kuambiwa karibu ndani. Nikajiuliza na mimi nimekuja na ipi. Nilikuwa nayo, msinilazimishe kuitaja, mwenyewe ana wajukuu hapa hapa.

Severini peke yake hakutaka. Akaniambia siku ile yeye atageuka aitazame bahari. Bibi yake alikuwa msichana wakati wa vita vya Maji Maji. Aliona vijiji vya kwao vikichomwa, ghala zikiungua na mtama ndani, kisha njaa ikaja. "Hakuwahi kutuhadithia moto," akasema Severini. "Alituhadithia walikula nini baada ya moto. Mizizi gani inachemshwa mara mbili, ipi inaua. Aliyeona haombi kuonyeshwa tena." Akarudi kwenye msumeno wake, nami sikumuuliza tena.

Siku moja kabla, Bi Somoe alikuja kuikagua. Alitembea mbele yake polepole, mikono nyuma, kama bwana shauri wa serikali. "Kibao cha dirisha langu kimevunjika upande wa chini," akasema. "Hiki chenu kizima." Severini akakivunja. Akatazama tena, safari hii kwa muda mrefu. "Ndiyo yenyewe," akasema. Ndipo nilipoogopa kweli. Ilikuwa imefanana mno, na kama ingesimama, kesho yake kamba ingefungwa kwa mwenzake.

Asubuhi yake Fundi Mpili alikuwa na ubani mkononi na hajui aombe nini. "Nimwambie Mola aiangushe?" akaniuliza. "Sijawahi kuomba hivyo." Akasimama. Mwishowe akafukiza, akafumba macho, akasema kwa sauti tuliyoisikia sote, "Ya Rabi, ishike ya Bi Somoe." Hii yetu hakuiombea hata neno.

Kamba ikafungwa. Lori likavuta. Nyumba ikasimama.

Lo! Sijui ilisimama muda gani, pengine pumzi moja, lakini mimi niliona kila kitu ndani ya pumzi hiyo, niliona mpaka mlango wa nakshi umelala mchangani. Kisha boriti ya kwanza ikalia kwaa, ufa ukapanda kwenye ule mstari wa maungio, na nyumba nzima ikakaa chini kama mtu aliyechoka. Majivu yakapanda yakalifunika jua. Wale watu wa shuka wakasahau kukimbia, wakasahau kulia, walisimama wanaruka ruka wakipiga kelele za furaha, "Rudia! Rudia!" Bwana Haraka hakuwaona, alikuwa anacheza ngoma isiyo na mdundo.

Bi Somoe hakushangilia. Alikaa mchangani. "Ndivyo ingekuwa," akasema. Fundi Mpili akachuchumaa kando yake. Severini, uso wake baharini, akauliza, "Tayari?" Nikamwambia tayari, akageuka.

Meli ikapita, Bwana Haraka akaenda na mashine zake, Karani Sefu akiwaambia watu wa Lindi njiani kwamba nyumba ilianguka vizuri ajabu. Uwandani pale tukabaki na mji mzima uliokataa kuanguka, hauna mwenyewe. Fundi Mpili hakupumzika hata siku moja. Alitukusanya mafundi, akasema, "Haya. Mawe mazuri yako pale, boriti nzuri ziko pale. Na nyumba mbovu mnaijua ilipo." Tukaubomoa ule mji jiwe kwa jiwe, kwa nyundo na jasho, na ulitushinda kuliko kuujenga. Tukaukata mkuyu wa Bi Somoe, tukafukua mzizi wote, tukaushika ukuta kwa magogo, tukaurudishia mawe kutoka chini. Ukitaka kuziba ufa usiuzibe juu juu na lipu kama mnavyofanya siku hizi, ufa utakucheka. Ufuate ulikoanzia, utoe mawe pande zote mbili, ushone upya. Ilituchukua mpaka masika yakagonga mlango. Malipo yetu yalikuwa vitumbua, na hakuna aliyenung'unika.

Kuhusu shemeji yake, Bi Somoe alitoa amri moja: asiambiwe. "Alitaka ianguke. Mwacheni akae nayo imeanguka." Bwana Rashidi akituma salamu kwamba chumba kipo Lindi, ahamie, bibi anajibu, "Mwambieni nimesikia." Yule bwana akadhani shemeji yake anakaa kwa majirani na amemwekea kinyongo. Kivinje yote ikafunga mdomo, nayo si kazi ndogo, mnawajua watu wetu.

Mwaka mwingine nilipata kazi ya ukuta Lindi, na ile picha ikaletwa. Nilikwenda kuitazama, nikakaa nyuma ya Bwana Rashidi mwenyewe, kanzu safi, kofia iliyoshonwa kwa mkono. Mfalme akafanya kiburi chake, watu wakachoka kumngoja. Kisha ardhi ikatetemeka, na ukumbi wote ukasimama kwa furaha. Nyumba yetu ilipita kufumba na kufumbua: dirisha, kibao kilichovunjika, vumbi. Watu wakapiga kelele, "Hiyoo!" Na mbele yangu mtu mmoja akasimama, mikono kichwani.

"Nyumba ya baba yangu!"

"Kaa chini, mzee, unatuzibia!" wakamwambia.

Akakaa. Akalia kama mtoto, kofia ikamwanguka miguuni, na kulia kwake hakuna aliyekusikia ila mimi, kwa zile shangwe. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema iangushwe. Ulimi uliniwasha, wanangu! Lakini amri ni amri. Nikaiokota kofia, nikampa, nikasema pole.

Kesho yake niliacha ukuta wa watu, nikapanda lori la korosho. Nilimkuta Bi Somoe barazani, anakaanga.

"Alilia?" akaniuliza nilipomaliza.

"Alilia, bibi. Sana."

Akageuza vitumbua, mafuta yanachemka. Nikamwona anajifuta jicho kwa ncha ya kanga, akasingizia moshi. "Kumbe ndugu wa mume wangu bado yumo ndani yake," akasema. "Haya. Aitwe. Asiambiwe kitu, aambiwe namwita."

Alikuja. Nilikuwapo, na Fundi Mpili alikuwapo, tumekaa barazani tunajifanya tunanoa vyombo. Bwana Rashidi alikunja kona ya mtaa ameinamisha kichwa, akijiandaa kuona kiwanja kitupu. Akainua macho. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa, inang'aa. Akasimama katikati ya njia, punda aliyebeba maji akamzunguka. Kisha akaja polepole, akaweka kiganja ukutani, pale ufa ulipokuwa, akaupapasa kutoka chini mpaka mkono ulipoishia. Akapiga hodi, ingawa mlango ulikuwa wazi na mwenyewe yumo ndani anamwona.

Bi Somoe hakuinuka. "Karibu ndani, shemeji," akasema. "Vua viatu, nimepiga deki."